Udongo wa Msituni: Kina Chake, Matabaka Yake na Jina Lake

Mtu apitaye katika msitu wa milimani huona miti mirefu, hukanyaga majani yaliyooza, huinama akateka udongo mweusi kwa mkono, na mara husema, "Nchi hii ina rutuba, ikifyekwa itatulisha sisi na wajukuu wetu." Neno hilo ni kweli kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili si kweli hata kidogo. Wengi wamelifuata wakapata mavuno mema mwaka wa kwanza, mavuno ya kadiri mwaka wa pili, na baada ya miaka michache wakabaki na mahindi ya manjano yasiyofika kifuani. Kisha wakahama, wakafyeka mahali pengine.

Katika somo hili twataka kujifunza udongo huo ni wa namna gani: jinsi unavyotokea, matabaka yake, jinsi ya kuupima kwa mkono, na jina upewalo na wataalamu. Tumechagua udongo wa misitu ya Usambara Mashariki, katika Mkoa wa Tanga, kwa sababu mbili. Kwanza, ni mfano mzuri wa udongo wa msituni wenye kina kirefu, ulio tifutifu juu na wenye mfinyanzi zaidi chini. Pili, ni katika milima hiyo, pale Amani, ambapo elimu ya udongo wa Afrika Mashariki ilifanyiwa kazi kubwa. Msomaji asiogope majina mageni. Kila moja tutalieleza.

1. Jinsi udongo unavyotokea

Udongo si mavumbi ya mwamba tu. Mwaka 1883 mtaalamu wa Urusi, Vasily Dokuchaev, alitoa kitabu juu ya udongo mweusi wa nchi yake, akaonyesha ya kuwa udongo ni kitu chenye asili na umbo lake, kama vile mti ulivyo na umbo lake. Waliomfuata wamezoea kutaja mambo matano yafanyayo udongo: mwamba, hali ya hewa, viumbe, umbo la nchi, na muda. Tuyatazame yote katika Usambara.

Mwamba wa milima hii ni naisi, mwamba wa kale sana, wenye mistari myeupe na myeusi na vipande vya ulanga ving'aavyo juani. Kuhusu hali ya hewa, Amani ipo kadiri ya meta 900 juu ya bahari, nayo hupata mvua ipatayo milimita 1,900 kwa mwaka. Maji mengi namna hiyo, yakisaidiwa na joto, huuozesha mwamba, huyeyusha chumvi zake njema, yaani kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, na kuzichukua mpaka mitoni. Kinachobaki ni mfinyanzi hafifu uitwao kaolini, pamoja na kutu ya chuma na alumini. Kutu hiyo ndiyo iupakayo udongo rangi nyekundu.

Viumbe nao hufanya kazi mchana na usiku. Miti hudondosha majani, mchwa huyakata, nyungunyungu huyameza na kuyachanganya na udongo, na ukungu na vijidudu visivyoonekana kwa macho huyageuza kuwa mboji. Umbo la nchi huamua maji yapite wapi na udongo ukae wapi. Mwisho ni muda: kazi hii imeendelea kwa maelfu na maelfu ya miaka, wala hakuna mtu awezaye kuifupisha. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Ndivyo ulivyo udongo wa msituni.

2. Matabaka yake

Asiyechimba shimo hajui udongo. Kuutazama kwa juu ni sawa na kukisoma kitabu kwa jalada lake. Chagua mahali ambapo hapajalimwa wala kuchimbwa, uchimbe shimo lenye upana wa meta moja na kina cha meta moja na nusu au mbili. Upande mmoja uuache umesimama wima kama ukuta, upande ule upigwao na jua, upate kuona vema. Usikanyage wala kutupa udongo juu ya upande huo. Shimo lisiachwe wazi. Ukimaliza, lifukie, asije akatumbukia mtoto au mnyama.

Wataalamu huyapa matabaka majina ya herufi, nasi tutafanya vivyo hivyo.

O: Ni tabaka la majani, vijiti na maua yaliyoanguka, juu makavu, chini yameanza kuoza. Katika misitu yetu ya joto tabaka hili ni jembamba, kwa kuwa kinachoanguka huoza upesi.

A: Ni udongo wenye mboji, rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, umekaa chenga-chenga, wapitisha hewa na maji. Mizizi midogo imejaa humo kama nywele. Kina chake mara nyingi ni kadiri ya shibiri moja, na katika miteremko mikali huwa pungufu.

B: Hapa rangi hubadilika ikawa nyekundu, au nyekundu yenye umanjano. Mboji ni kidogo, mizizi ni michache, mfinyanzi ni mwingi kuliko juu. Tabaka hili laweza kushuka meta moja, mbili, hata zaidi, bila kubadilika sana.

C: Ni mwamba uliooza. Waweza kuuvunja kwa mkono, lakini bado waona mistari ya naisi na ulanga wake.

R: Ni mwamba mgumu wenyewe. Mara nyingi shimo letu halitafika huko.

Kwa kawaida udongo usiofika sentimeta 50 juu ya mwamba huhesabiwa kuwa wa kina kifupi. Ukipita sentimeta 100 ni wa kina kirefu, na ukipita sentimeta 150 ni wa kina kirefu sana. Basi udongo wetu ni wa kina kirefu au kirefu sana. Lakini msomaji na aangalie: katika kina hicho chote, sehemu nyeusi ni shibiri moja tu. Jambo hili tutalirudia, kwa maana ndilo kiini cha somo letu.

3. Kuupima kwa macho na mkono

Kwa kipimo hiki hatuhitaji chombo cha thamani. Maji kidogo na vidole vyatosha.

Kwanza, ukubwa wa chembe. Udongo wote una chembe za namna tatu. Mchanga ni chembe kubwa, toka milimita 2 hadi 0.05. Mfinyanzi ni chembe ndogo kabisa, chini ya milimita 0.002. Baina yake zipo chembe za kati, laini kama unga. Udongo tifutifu ni ule ambao hakuna chembe mojawapo inayowashinda wenzake: katika sehemu 100, mfinyanzi huwa 7 hadi 27, chembe za kati 28 hadi 50, na mchanga haupiti 52. Kwa hiyo huingiza maji upesi kama mchanga, wala hauyaachi yote yapotee, kwa kuwa una mfinyanzi wa kuyashika.

Chukua udongo ujazo wa kiganja, utie maji kidogo kidogo, ukande kama ukandavyo unga wa chapati. Kisha usukume kati ya kidole gumba na cha shahada, ufanye utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimeta 2.5, udongo ni tifutifu. Ukifika sentimeta 2.5 hadi 5, ni tifutifu wenye mfinyanzi. Ukipita sentimeta 5 bila kukatika, ni mfinyanzi. Katika shimo la msituni kwa kawaida utakuta tabaka A ni tifutifu, na tabaka B laelekea kwenye mfinyanzi.

Hapa pana hila moja. Katika udongo mwekundu wa kale, kutu ya chuma huzifunga chembe za mfinyanzi zikawa punje ndogo ngumu, nazo mkononi huonekana kama mchanga. Mpimaji mwenye haraka atasema, "Ni tifutifu." Lakini akiendelea kukanda kwa dakika kadhaa, punje hupasuka na utepe hurefuka. Kwa hiyo kanda kwa saburi.

Pili, rangi. Wataalamu hutumia kitabu cha rangi cha Munsell, wakalinganisha donge la udongo na vipande vya rangi vilivyomo. Sisi twaweza kusema kwa maneno yetu. Weusi huonyesha mboji. Wekundu huonyesha chuma kilichopata hewa. Rangi ya kijivu au madoa-madoa huonyesha maji yanayotuama.

Tatu, umbo la madonge. Ng'oa donge la tabaka B ulivunje polepole. Likiachana kwa nyuso zilizo laini na zenye kung'aa kama zimepakwa mafuta, ujue maji yamechukua mfinyanzi toka juu na kuupaka huku chini. Likivunjika likawa unga wa punje ndogo bila nyuso za kung'aa, hiyo ni alama nyingine. Zote mbili zikumbukwe, kwani zitatusaidia kulipata jina.

Nne, uchachu. Huu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Namba 7 ni katikati. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo udongo unavyozidi kuwa mchachu. Udongo wa milima yenye mvua nyingi kwa kawaida ni mchachu. Ukishuka chini ya 5.5, alumini iliyofungwa udongoni huanza kuyeyuka, nayo ni sumu kwa mizizi ya mahindi, maharagwe na mimea mingine mingi. Chai haidhuriki nayo, ndiyo maana chai yastawi Usambara mahali ambapo mazao mengine yanataabika.

4. Rutuba inakaa wapi?

Sasa twaweza kujibu swali la yule mtu tuliyemtaja mwanzoni. Msitu ni mkubwa, na udongo una kina. Je, kwa nini shamba huchoka upesi?

Jibu ni hili. Katika udongo ulioshwa na mvua kwa muda mrefu, mfinyanzi wa kaolini una uwezo mdogo wa kushika chakula cha mimea. Hata fosforasi iliyopo hunaswa na kutu ya chuma, mizizi isiweze kuipata kwa urahisi. Kinachoshika chakula ni mboji, na mboji imo katika tabaka lile jembamba la juu. Sehemu nyingine kubwa ya chakula haimo udongoni, bali imo ndani ya miti yenyewe. Jani huanguka, huoza, mizizi hulinyonya, nalo hurudi juu likawa jani tena. Msitu hula jasho lake mwenyewe, wala haupotezi kitu. Ni kama nyumba ambayo chakula chote kimo chunguni na sahanini, ghalani hamna akiba.

Mtu akiufyeka msitu na kuuchoma, chakula kilichokuwa katika miti hugeuka majivu. Majivu hupunguza uchachu na kuilisha mimea. Ndiyo sababu mavuno ya mwaka wa kwanza ni mazuri. Mkulima hudhani ameona nguvu ya udongo, kumbe ameona nguvu ya majivu. Kisha mvua huosha majivu. Jua hupiga udongo ulio uchi, mboji huoza upesi bila majani mapya ya kuiongeza. Matone ya mvua huvunja chenga-chenga, na tabaka A huteremka na maji hata mtoni. Kinachobaki ni tabaka B: jekundu, lenye kina, zuri kwa kutazama, lakini maskini.

Jambo hili lilikwisha kuonekana zamani. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifyeka sehemu za msitu wa Usambara Mashariki wakapanda kahawa, wakiitumainia nchi kwa sababu ya ukubwa wa miti yake. Haikupita miaka mingi kahawa ikaanza kudhoofika. Udongo haukuweza kuilisha, na wadudu nao walizidisha hasara.

5. Mnyororo wa udongo

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha kuchunguza mimea na kilimo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kilikuwa chini ya Waingereza, na hapo alifanya kazi Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo. Mwaka 1936 ilitolewa ramani ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki, kazi iliyosimamiwa naye, na mwaka 1937 aliandika juu ya udongo wa Usambara Mashariki na kilimo cha mashamba makubwa. Alifariki mwaka 1942, lakini neno alilolitunga mwaka 1935 latumika duniani kote hata leo: katena, yaani mnyororo kwa Kilatini.

Milne aliona ya kuwa udongo wa kilimani, wa mteremkoni na wa bondeni hauwezi kuelezwa mmoja mmoja, kana kwamba hauna jamaa. Juu maji hupenya, na udongo ni mwekundu. Katikati hupokea kinachoteremshwa toka juu. Bondeni maji hutuama, na udongo huwa wa kijivu au mweusi kama wa mbuga. Yote hushikana kama pete za mnyororo, na kila kilima hurudia mpango ule ule. Kwa hiyo mtu akitaka kujua udongo wa kijiji chake, shimo moja halitoshi. Achimbe walau matatu, juu, katikati na chini. Tena ajue ya kuwa anayeharibu pete ya juu huidhuru na ya chini.

6. Jina lake

Kuna njia kadhaa za kuupanga udongo kwa majina. Marekani ina mpango wake wenye makundi makubwa 12. Mpango utumiwao na mataifa mengi una makundi 32. Ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1998, na chapa yake ya nne ilitoka mwaka 2022. Tutatumia huo wa mataifa.

Twaanza na ile alama ya nyuso zing'aazo. Ikiwa mfinyanzi umeongezeka waziwazi katika tabaka B, twauliza maswali mawili. La kwanza: mfinyanzi huo washika chakula kingi au kidogo? La pili: kilichoshikwa ni chumvi njema zaidi, au ni alumini zaidi? Majibu yatupa majina manne:

Washika kingi, na chumvi njema ni nyingi: Luvisoli.
Washika kidogo, na chumvi njema ni nyingi: Liksisoli.
Washika kingi, na alumini ni nyingi: Alisoli.
Washika kidogo, na alumini ni nyingi: Akrisoli.

Ikiwa nyuso zing'aazo hazipo, na udongo umeoza kabisa hata umebaki kaolini na kutu, jina lake ni Feralisoli, ambalo latokana na maneno ya Kilatini ya chuma na alumini. Kuna na Nitisoli, mwekundu wenye kina, ambao madonge yake huvunjika katika vipande vidogo vya nyuso zing'aazo pande zote. Huo una nguvu kuliko hao wawili.

Katika misitu ya juu ya Usambara Mashariki majina yafaayo zaidi ni Akrisoli na Feralisoli, na mara nyingi huongezwa neno la kuonyesha kwamba juu pana mboji. Wamarekani huyaita makundi yanayokaribiana na hayo Ultisoli na Oksisoli.

Na tuulinganishe na Kilimanjaro. Huko nako kuna msitu mnene na mvua nyingi, lakini mwamba ulitoka katika moto wa chini ya ardhi. Majivu yake yamefanya katika sehemu nyingi udongo mweusi, mwepesi, ushikao maji mengi, uitwao Andosoli. Misitu miwili yaweza kufanana kwa macho, na udongo wake ukawa wa kabila mbalimbali. Kwa hiyo mkulima wa Usambara asiige kila desturi ya kihamba cha Uchagani bila kufikiri, wala wa Uchagani asimcheke mwenziwe kwamba ni mvivu.

7. Yatupasa kufanya nini?

Jina halijai tumboni; faida yake ni kutuonyesha matunzo. Mwenye Akrisoli au Feralisoli na ashike mambo haya.

Msitu uliosimama mteremkoni na usifyekwe. Kutoka katika misitu hii hutoka mto Sigi, ambao maji yake yanywewa mjini Tanga. Udongo ukishuka, huko nako wataona.

Shamba lililokwisha kulimwa lisikae uchi. Mabua na majani yasichomwe. Yatandazwe juu ya udongo. Miti ya kivuli iachwe au ipandwe, ili majani yaendelee kuanguka. Mteremkoni yafanywe makinga maji yanayofuata usawa wa kilima, na kingo zake zipandwe majani ya ng'ombe, kisha samadi irudishwe shambani. Mbolea ya dukani yafaa, hasa yenye fosforasi. Lakini pasipo mboji, sehemu yake nyingi itaoshwa au kunaswa. Chokaa hupunguza uchachu. Itiwe baada ya kupima, si kwa kubahatisha.

Kwa kifupi, kina cha udongo ni mahali pa mizizi kusimama na maji kukaa. Hicho ni kipaji kikubwa. Lakini chakula kimo katika ile shibiri moja ya juu. Anayeilinda shibiri hiyo atavuna, na anayeipoteza atabaki na shimo refu la udongo mwekundu.

Maswali ya kujifunza

1. Taja mambo matano yafanyayo udongo. Ni lipi ambalo mwanadamu hawezi kulifupisha?
2. Kwa nini mavuno ya mwaka wa kwanza baada ya kufyeka msitu humdanganya mkulima?
3. Kanda udongo wa tabaka A na wa tabaka B katika shamba lako. Utepe wa kila mmoja una urefu gani?
4. Akrisoli na Luvisoli zatofautiana kwa mambo gani mawili?
5. Pima kwa shibiri kina cha udongo mweusi msituni au kichakani, kisha katika shamba la jirani lililolimwa miaka mingi. Andika tofauti, mkaijadili pamoja.